Mazoezi kwa Jina la Bilal: Tunamkumbuka Yeye au Jiwe la Umayya?



Vijana tunaofanya mazoezi pamoja hapa Kator, Juba, tumeanza utaratibu mpya. Jimu yetu, kama inastahili jina hilo, ni kiwanja chenye uzio wa mabati, bomba moja la kujivutia, pleti chache za chuma zilizoshika kutu na madumu ya lita 20 yaliyojazwa mchanga. Tumekubaliana kwamba kila Jumamosi zoezi kuu litapewa jina la mtu aliyesimama dhidi ya dhuluma, na kabla ya kuanza mmoja wetu atasimulia habari zake kwa dakika tano. Katika kundi letu Wakristo ni wengi kuliko Waislamu, kama ilivyo nchini mwetu kwa jumla, na kila mmoja ana haki ya kupendekeza jina. Sisi Waislamu tulipoulizwa, jina lilitutoka kwa pamoja: Bilal bin Rabah (r.a.).

Ubishi ulianza tulipofika kwenye zoezi lenyewe. Ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka tulale chali saa saba mchana, juani, na pleti ya kilo 20 kifuani, halafu tuhesabu muda. Atakayevumilia zaidi ndiye atakuwa amemuenzi Bilal zaidi. Wengi walilipenda wazo hilo. Mimi nililipinga, lakini kusema "haifai" si hoja, na ndugu yule alikuwa na haki ya kuniuliza haifai kwa nini. Makala haya ni jibu langu kwake.

Niondoe kwanza swali ambalo baadhi ya wasomaji wa jarida hili watalitanguliza: je, hii si bid'a? Mazoezi ya mwili ni katika mambo ya kawaida ya watu, si ibada, na asili ya mambo ya kawaida ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kulipa zoezi jina la mtu hakulifanyi kuwa ibada, kama vile kuipa shule jina la Bilal hakuifanyi kuwa msikiti. Akitokea wa kusema kwamba thawabu za pushapu humfikia Bilal kaburini, huyo atatakiwa kuleta dalili. Hakuna aliyesema hivyo kwetu. Na ile hadithi ya muumini mwenye nguvu, iliyopokewa na Muslim, sote tunaijua. Imekuwa kama tangazo la jimu. (Hupendwa nusu yake ya kwanza. Sehemu inayosema kwamba hata muumini dhaifu ana kheri ndani yake hainukuliwi sana na wenye vifua vipana.)

Swali gumu liko kwingine. Mwili wangu unaweza kweli kumkumbuka mtu? Au natumia mateso ya mwenzangu kama kichocheo cha misuli yangu?

Dini yetu imejaa kumbukumbu za mwili, na mfano ninaouona bora ni ramal. Aliyehiji anaijua: katika tawafu ya kufika, mizunguko mitatu ya kwanza wanaume huenda mwendo wa haraka, hatua fupi fupi, mabega yakitikisika, kisha minne iliyobaki hutembea kawaida. Chanzo chake kimesimuliwa na Ibn Abbas (r.a.) katika Sahihi ya Bukhari. Mwaka wa 7 Hijria, sawa na 629, Mtume (s.a.w.) na masahaba walirudi Makka kufanya umra, miaka saba baada ya kutolewa katika mji wao. Makuraishi walikuwa wameeneza maneno kwamba watu hawa wamemalizwa na homa ya Yathrib, hawana nguvu tena. Wakakaa kwenye kilima kuwatazama wagonjwa wakija. Mtume (s.a.w.) akawaamuru masahaba zake waende mwendo wa nguvu katika mizunguko mitatu, na watembee kawaida kati ya zile nguzo mbili za Kaaba, sehemu ambayo watazamaji hawakuweza kuwaona. Ibn Abbas anaongeza kwamba kilichomzuia asiwaamuru hivyo katika mizunguko yote saba ni kuwahurumia tu.

Tazama yaliyomo humo. Kuna watu waliodhulumiwa, wakafukuzwa, mali zao zikachukuliwa. Kuna jibu lao kwa waliowadhulumu, na jibu hilo wamelitoa kwa miguu. Hakuna silaha wala tusi. Kuna pia kocha anayejua vijana wake wamesafiri na wengine kweli wametoka kwenye homa, akawapa nafasi ya kupumua pale jicho la adui lisipofika. Makocha wetu wangesoma habari hii wangepunguza kelele.

Lakini kilichonishika zaidi ni kilichofuata. Makka ilifunguliwa mwaka uliofuata. Sababu ya ramal ikaondoka. Hakukuwa tena na mtu kilimani wa kuonyeshwa kitu. Umar bin al-Khattab (r.a.), katika zama zake, aliliuliza swali hilo waziwazi: ramal ya nini leo, ilhali tuliowaonyesha Mwenyezi Mungu amekwisha kuwaangamiza? Kisha akajijibu kwamba ni jambo alilolifanya Mtume (s.a.w.), na hawapendi kuliacha. Basi mpaka leo mamilioni ya watu kutoka Jakarta mpaka Juba wanakwenda mwendo ule ule, bila Makuraishi, bila homa. Mwendo umebaki kuwa kumbukumbu ya watu waliokataa kuonekana wameshindwa.

Na sa'i vivyo hivyo. Kule Safa na Marwa hapakuwa na dhalimu. Palikuwa na mama mmoja, Hajar, na mtoto mwenye kiu. Lakini njia ya kukumbuka ni ile ile: alichokifanya kwa miguu yake tunakifanya kwa miguu yetu. Wanazuoni wengi wanasema pale kwenye alama za kijani wanaume ndio wakimbie na wanawake watembee. Kwa hiyo kila mwaka wanaume wenye ndevu na vyeo wanakimbia kwa kumfuata mwanamke aliyekuwa kijakazi. Jambo hili halisemwi vya kutosha kwenye hotuba zetu.

Kutokana na ramal na sa'i napata kipimo. Katika zote mbili tunaiga kitendo cha wakumbukwao wenyewe. Hatuigi walichotendwa. Hakuna mahali katika ibada ya hija ambapo tunalazwa chini na kupigwa ili tukumbuke waliopigwa Makka, ingawa waliopigwa ni wengi na majina yao yanajulikana.

Mazoezi haya ya kuwakumbuka watu yapo duniani, na yale yanayodumu naona yanafuata kipimo hicho hata bila kukijua. Maarufu kuliko yote katika jimu za Marekani ni "Murph", linalofanywa kila mwisho wa Mei: kukimbia maili moja, kujivuta kwenye bomba mara 100, pushapu 200, skwati 300, kisha maili nyingine, na wanaoweza huvaa fulana ya uzito wa karibu kilo tisa. Limepewa jina la Michael Murphy, mwanajeshi wa Marekani aliyeuawa Afghanistan tarehe 28 Juni 2005. Ni zoezi alilokuwa akilifanya mwenyewe akiwa hai. Hapo naelewa mantiki yake. Ila msomaji Mwislamu atauliza, na ana haki: alikuwa Afghanistan kufanya nini? Simhukumu marehemu. Ninachosema ni kwamba jina la shujaa linaandikwa na mwenye ubao, na kijana wa Kunar angekuwa na ubao wake angeandika jina jingine. Swali hili litaturudia hapa kwetu Juba, tena kwa ukali zaidi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada ya dhuluma. Tarehe 23 Februari 2020 kijana mweusi wa miaka 25, Ahmaud Arbery, alikuwa akikimbia katika mtaa mmoja wa Georgia, Marekani, alipofukuzwa kwa magari na wanaume weupe watatu na kuuawa kwa bunduki. Zaidi ya miezi miwili ilipita bila mtu kukamatwa. Tarehe 8 Mei, siku ambayo angetimiza miaka 26, watu wa miji mingi walitoka wakakimbia maili 2.23, kama kilomita 3.6, idadi iliyotokana na tarehe aliyouawa. Wawili kati ya wauaji walikuwa wamekamatwa siku moja tu kabla, baada ya video ya tukio kuenea, na Novemba 2021 wote watatu walitiwa hatiani. Waliokimbia siku ile walichukua namba kutoka kwa kifo chake, lakini kitendo walikichukua kutoka kwa uhai wake. Alikuwa akikimbia, nao wakakimbia. Hawakulala barabarani wakijifanya maiti.

Sasa turudi kwa Bilal. Jiwe lilikuwa la nani? Umayya bin Khalaf ndiye aliyelichagua, yeye ndiye aliyeamuru liwekwe, yeye ndiye aliyechagua saa ya mchana na mchanga wa moto. Hiyo ilikuwa kazi ya Umayya. Kazi ya Bilal ilikuwa kusema neno moja, "Ahad", wakati angeweza kusema neno jingine na kuachwa. Tukilala chali na pleti kifuani tukishindana kwa saa ya mkononi, tumeiga ubunifu wa Umayya kwa uaminifu mkubwa, na cha Bilal hatujakigusa, kwa sababu hakuna anayetutaka tuseme lolote. Tena sisi tuna jambo ambalo Bilal hakuwa nalo: tukichoka tunaisogeza pleti. Mateso ambayo anayeteswa anaweza kuyasimamisha ni mchezo, na mchezo wa namna hiyo unaweza kutufanya tudhani tumeonja kitu ambacho hatujakionja.

Ndugu yule alinijibu kwa hoja ya saumu. Alisema: mbona tunafunga, na tunaambiwa njaa itatufundisha hali ya maskini? Ni hoja nzito. Lakini saumu tumeamrishwa kwa ajili ya taqwa. Kuikumbuka njaa ya wengine ni faida inayokuja ndani yake, na haikuachwa ielee hewani. Imefungamanishwa na zakatul-fitri, na mwenye kushindwa kabisa kufunga analisha maskini. Njaa ya mfungaji inaishia kwenye sahani ya mtu mwingine. Pleti ya kilo 20 inaishia wapi?

Na kuna la kiafya, nalipita haraka kwa kuwa liko wazi. Machi 2024 serikali ilifunga shule za nchi nzima kwa sababu ya joto, na Februari 2025 zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai hapa hapa Juba. Kumlaza mtu juani saa saba katika mji huu ni kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu, na hilo tumekatazwa.

Kwa hiyo nilipendekeza zoezi jingine kwa ajili ya Bilal. Mchanga utolewe kwenye madumu, yajazwe maji. Tuyabebe, mbio fupi fupi na mapumziko, mpaka kwenye nyumba za wazee ambao lori la maji haliwafikii na hawana pesa ya kumlipa kijana wa baiskeli. Sababu yangu ni Sura ya 90, Al-Balad. Sura hiyo inataja mtu anayejisifu kwa mali aliyoitumia, akidhani hakuna anayemwona, kisha inauliza juu ya njia ya mlimani iliyo nzito kupanda. Jibu lake halizungumzii miguu wala mapafu. Linataja kumwacha huru mtumwa, na kulisha siku ya njaa yatima wa jamaa na maskini aliyelala mavumbini. Bilal alitoka chini ya jiwe kwa sababu Abubakar (r.a.) aliupanda mlima huo kwa mali yake. Huwezi kusimulia habari za Bilal ukamwacha Abubakar, na wengi wetu, kusema kweli, tumo katika nafasi ya Abubakar kuliko ya Bilal: hatuko chini ya jiwe, tunampita aliye chini yake.

Wenzetu wa Kenya wamelionyesha hili vizuri. Mwanariadha Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, akiwa na miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi kwa mbio za wanawake peke yao. Wanariadha wenzake wangeweza kuandaa mbio za kumkumbuka na kurudi nyumbani. Walianzisha Tirop's Angels, taasisi inayowasaidia wanawake wanaofanyiwa ukatili majumbani. Wanakimbia pia, lakini mbio zao zina mtu wa kumfikia.

Linabaki suala la riya. Jimu ina vioo, na sasa kila kioo kina simu mbele yake. Katika hadithi ya Muslim, wa kwanza kuhukumiwa miongoni mwa watu watatu watakaoburutwa motoni ni aliyepigana mpaka akafa, kwa sababu alipigana ili aitwe shujaa, na akaitwa. Ikiwa aliyetoa roho hakusalimika, atasalimika nani kwa pushapu 200 zenye jina la mtu mwingine? Hata hivyo siwezi kusema kuonekana kwenyewe ni kosa, maana ramal iliwekwa ionekane. Ilikuwa maonyesho, tena mbele ya kadamnasi. Tofauti naiona kwenye swali la nani anaonyeshwa na nini. Masahaba walimwonyesha dhalimu kwamba waliodhulumiwa wangali wamesimama. Anayejirekodi akinyanyua vyuma kwa jina la Bilal anawaonyesha rafiki zake mikono yake. Ningependa simu zibaki mifukoni Jumamosi, lakini sitalifanya sharti. Nia ni ya mtu na Mola wake.

Kilicho kigumu kuliko vyote hapa kwetu ni majina. Dar es Salaam ukisema Mwalimu Nyerere, wengi watakubali. Juba si hivyo. Tarehe 30 Julai, siku aliyofariki Dk. John Garang mwaka 2005, taifa linawakumbuka mashahidi wake, na hilo ni haki. Lakini tangu Desemba 2013, vita vilipoanza katika mji huu huu, ukiandika jina la kamanda fulani ubaoni, kijana wa upande huu atasema huyu alitulinda, na wa upande ule atasema huyu aliua kaka yangu. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kiwanja chetu ni kidogo na madumu ni mazito. Sitaki mtu abebe dumu kwa heshima ya aliyeua kaka yake. Pendekezo langu ni kwamba tuwaache wenye bunduki, wote, si kwa kuwa hakuna aliyepigania haki kwa bunduki, ila kwa kuwa bado hatujamaliza msiba.

Waliobaki si wachache. Yupo Guor Marial, aliyekimbia utumwa akiwa mtoto na kufika Marekani mwaka 2001. Mwaka 2012 alifuzu kwa marathoni ya Olimpiki ya London, na nchi yetu, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja, haikuwa na kamati ya Olimpiki. Alipewa nafasi ya kuikimbilia Sudan. Alikataa. Alisema jamaa zake 28 walikufa katika vita ile, na kuvaa bendera hiyo kungekuwa kuwasaliti. Angeweza kupoteza Olimpiki yote kwa neno hilo. Mwishoni aliruhusiwa kukimbia chini ya bendera ya Olimpiki, na tarehe 12 Agosti 2012 alimaliza wa 47, kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 32. Kwake yeye kitendo na zoezi ni kitu kimoja, hatuhitaji kubuni chochote. Tutakimbia.

Wapo pia wanawake walioandamana katika barabara za Juba Desemba 2017 wakidai vita vikome, midomo yao wameifunga kwa utepe, wakitembea bila kusema neno. Zoezi lao ni kutembea kimya. Wanaodhani hilo ni jepesi wajaribu kuwanyamazisha vijana thelathini wa Kator kwa kilomita mbili.

Na yupo Diing Chan Awuol, aliyeandika makala za kuikosoa serikali kwa jina la Isaiah Abraham, akapigwa risasi nyumbani kwake Gudele, hapa Juba, tarehe 5 Desemba 2012. Kwake kipimo changu kinanitia katika taabu. Nimesema tumuenzi mtu kwa kufanya alichokifanya, na yeye hakukimbia wala hakubeba kitu. Aliandika. Nimejaribu kumtafutia zoezi: idadi ya pushapu kwa tarehe yake, mbio kutoka Kator hadi Gudele. Zote ni namba za kifo chake. Kocha anataka jina lake liwe ubaoni mwezi ujao na ananidai maelezo ya zoezi. Kwa sasa nimemwambia kwamba ile dakika tano ya kusimulia, Jumamosi hiyo, iwe saa nzima, na kila aliyekuja aje na kalamu.